Picha ya Mfini Ukutani Kwangu

Mwaka 1939 Bwana Lehto, Mfini aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Nanyala, huku Mbozi, alirudi kwao. Mimi, Osea, nilikuwa fundi wa mashine yake ya kukoboa kahawa. Lori lilipojaa, akanikabidhi picha kubwa iliyochorwa na dada yake. Kwamba imekosa nafasi garini nilisikia kwa masikio yangu. Moyoni nikajiambia ameona nina akili ya mambo makubwa.

Picha yenyewe ilikuwa nyeupe tupu, yenye michirizi michache myeusi na doa moja jekundu.

"Ni nini hii, Baba Ruti?" mke wangu Tabita akauliza.

"Vita vya Wazungu," nikajibu bila kusita.

Tangu hapo mgeni hakupata chai mpaka anisikilize. Nilishika fimbo nikaonyesha majeshi, mto, na mfalme anayevuja damu. Sikukuu ya mavuno nikaibeba hadi kanisani Vwawa, nikaitoa sadaka ili inadiwe. Nilitegemea watu watagombana. Hakuna aliyetaja bei, mpaka mzee Barnaba akaanza kukohoa. Kwa aibu nikaikomboa mwenyewe kwa jogoo wangu, nikarudi nayo kichwani.

Mwaka 1951 yule dada, Aino, alifika na mchungaji wa kumtafsiria. Aliomba kuiazima picha kwa maonyesho huko Helsinki. Kabla hajakaa vizuri nikachukua fimbo, nikapigana vita vyote mbele yake. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno machache.

Mchungaji akatazama chini. "Anasema ni ua wa kwao siku ya theluji. Hilo jekundu ni kitambaa cha kichwani cha mama yake, anakwenda kuchota maji."

Tabita alitoka haraka. Nikamsikia jikoni akicheka hadi akapaliwa.

"Mwambie," nikasema, "hata vitani watu huchota maji."

Aino akacheka, akanishika mkono kwa nguvu. Picha ikaenda. Ilirudi mwaka uliofuata, nyuma yake imebandikwa karatasi ya maonyesho. Mchungaji akanisomea: mchoraji, Aino Lehto, mwenye picha, Osea wa Mbozi, Tanganyika. Nikamwomba arudie.

Siku hiyohiyo nikaitundika upya, uso ukutani, karatasi mbele.

"Na mama wa watu?" Tabita akauliza. "Umemfungia gizani?"

Tukapatana: siku za kawaida mama achote maji yake, wageni wakija nigeuze. Ila wageni, tangu wasikie habari ya karatasi, wamepungua mno.