Kidhibiti cha Joto Kilichofundishwa Jumamosi

Mwanangu Tarmo alikuwa amekwisha kumtafuta dalali wa nyumba. Alidai kwamba nyumba yangu ya Kuhmo, huku Ufini, inakula umeme kupita kiasi, na kwamba ghorofa ya mjini ingenistarehesha zaidi. Nilimjibu kwamba sikuomba starehe. Hata hivyo tulipatana: nyumba ikipunguza umeme bila mimi kutetemeka, nabaki, ikishindwa, nahama kabla ya barafu ya ziwa kuyeyuka.

Binti yake, Saimi, anasomea umeme chuoni. Alikaa kwangu likizo nzima akiunda kidhibiti cha joto, kisanduku kidogo cha mbao alichokipigilia katika ukuta wa jikoni. Kwetu bei ya umeme hubadilika saa baada ya saa, na bei za kesho hutangazwa mchana wa leo. Kisanduku kilizisoma bei hizo, kikapasha sakafu ya zege wakati umeme ulipokuwa rahisi, kisha kikazima nyaya za umeme zinazoipasha sakafu bei ilipopanda. Zege hutunza joto. Juma zima sikuhisi tofauti, nami si mwepesi wa kuridhika.

Jumamosi Tarmo akaja kukagua. Kabla ya kuvua koti aliwasha jiko la umeme la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, kama Mfini yeyote afanyavyo Jumamosi jioni. Hakuuliza, nani huuliza? Lakini saa hiyo nchi nzima huwasha sauna, na bei ilikuwa juu. Saimi alikuwa amekiamuru kisanduku kisiache nyumba ivute umeme mwingi wakati wa bei kubwa. Kilipoona jiko linavuta, kikaizima sakafu, ambayo ilikuwa haijashiba joto. Tulitoka kwenye mvuke tukaingia jikoni penye baridi. Tarmo alikula soseji amevaa kofia.

"Haya, mhandisi," akamwambia bintiye. "Bibi yako naye alale na kofia?"

"Kosa ni langu, Baba. Nimekifundisha bei, sikukifundisha Jumamosi."

"Basi kifundishe na Pasaka, isije ikatukuta hivihivi."

Nilimwambia anyamaze ale. Saimi hakununa. Aliketi mezani akayaandika upya maagizo: kila Jumamosi kisanduku kitafute saa rahisi zinazotangulia sauna, kiishibishe sakafu, ili jioni nyumba iishi kwa akiba. Aliandika huku akipiga mluzi, maana alijua hasa kilichokosekana.

Jumamosi iliyofuata baridi ilikuwa kali hata miti ikawa inapasuka msituni. Tarmo alikuwa ameona kwamba umeme umepungua; sasa alikuja kuitafuta baridi ndani ya nyumba. Aliyamwagia maji mawe ya sauna mpaka masikio yakatuwakia, kisha akaketi jikoni miguu mitupu, akatusimulia kwa kirefu habari za samaki aliowavua chini ya barafu. Saimi alimwacha amalize.

"Baba, sakafu ina joto?"

"Kwa nini isiwe nalo?"

"Imezimwa tangu ulipowasha sauna."

Tarmo alikitazama kisanduku. Kisha akainama, akaweka kiganja sakafuni, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi baki, Mama," akasema bila kuinuka. "Ila nitakuja kila Jumamosi kukagua."

"Njoo na kuni za tanuri la mkate," nikamwambia, nikamkatia mkate.