Kina Masika wa Bungulu

Siku ya Jumanne, tarehe 14 mwezi wa kwanza mwaka 2003, Kyakimwa aliingia katika ofisi ya parokia huko Bungulu, mjini Beni, akamkuta mwanamke mwingine amekalia kiti chake.

Kwa miaka sita kiti hicho kilikuwa chake, pamoja na kompyuta pekee ya parokia. Vyeti vya ubatizo na barua za ndoa, vyote alivipiga chapa yeye, kwa programu za kuuzwa ambazo nakala zake zilipitia mikono mingi bila kununuliwa. Kisha virusi vya kompyuta vikaziharibu zote, na vita vilikuwa vimefunga njia ya kutafuta nyingine. Padri Ignace akaletewa programu huria, ambazo hakuna anayekatazwa kuzinakili. Kyakimwa alizitazama siku moja tu. Alipoona kila kitu kimehama mahali pake, akasema ni michezo ya watoto. Mélanie, mke wa mwalimu kutoka jimbo la mbali la Kasai aliyenaswa Beni na vita, alizijua kwa siku tatu, na Padri akampa kiti.

Kyakimwa alikuwa binti wa sita kwa mama yake. Tangu utoto alivaa nguo zilizochakazwa na dada watano. Kiti kile ndicho kitu cha kwanza alichopata kikiwa kipya.

“Mama Kyakimwa, karibia. Kiti ingine iko pale, karibu ya mulango.”

“Naiona. Ni miye niliiweka pale, ya bageni.”

Mélanie alicheka kidogo, akamwonyesha orodha ya watu waliokimbia kutoka upande wa Mambasa, ambao walilala katika madarasa ya shule ya parokia. Ijumaa wangegawiwa unga na mablanketi.

“Angalia hii programu iko na akili namna gani. Familia ilikuwa mia tano na kumi na mbili. Nimebonyeza hapa, imetosha, imeondoa majina yenye kujirudilia. Inabakia mia tatu na makumi nane. Batu banajiandikisha mara tatu, mama, bila haya.”

Kyakimwa aliinama kutazama. Masika Mathe mmoja. Kambale Mathe mmoja. Kwa Wanande, wenyeji wa Beni, mtoto huitwa kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, mwana wa pili ni Kambale. Masika Mathe wanaweza kuwa tisa, kila mmoja na watoto wake. Ndiyo maana Kyakimwa, alipowaandika watu hao kwa mkono, aliongeza pembeni jina la mama na la kijiji. Mélanie alikuwa ameyaacha hayo ya pembeni.



“Vidole vyako viko na mbio,” Kyakimwa alisema tu.

Wivu ulimnong’oneza asubiri. Ijumaa familia mia moja na thelathini na mbili zingelia mbele ya Padri, na Mélanie angeinuka mwenyewe katika kile kiti.

Alhamisi alipita karibu na shule. Masika Kahongya, mama wa watoto wanne, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

“Mama wa bureau ya Padri, jina yangu iko?”

“Iko.”

“Aksanti. Batoto banakula sombe tupu tangu juzi.”

Kyakimwa alijua kwamba Masika Kahongya aliyebaki kwenye orodha alikuwa bibi kizee wa kijiji kingine. Hakufika mbali. Neno lile “iko” lilikuwa uongo, naye alilijua. Akageuka, akaenda ofisini.

“Mama Mélanie, rudisha bale batu,” alisema, akamweleza habari za majina.

“Uliona tangu siku gani?”

“Tangu juzi.”

“Donc, basi, ulitaka nianguke.”

“Ndiyo.”

Mélanie hakuinuka kitini. Alivuta kile cha wageni, akakiweka ubavuni mwake, akatafuta karatasi za mkono.

“Soma. Miye naandika.”

Kyakimwa alisoma hadi sauti ikakauka: Masika, mama yake ni Berthe, wa kijiji cha Mangina; Masika, mama yake ni Adèle. Padri Ignace alichungulia mlangoni.

“Mama Mélanie, kazi nzuri.”

Wivu ukamuuma Kyakimwa tena, palepale pa zamani. Akamgeukia Mélanie.

“Kile kifungo ya kutosha majina,” aliuliza, “iko wapi?”

Ijumaa kila Masika aliitwa pamoja na jina la mama yake, na kila mmoja akaitika.

Wewe uliyesoma habari hii, usiifungie sandukuni. Mpe mwenzako wa kazi, hasa yule ambaye akisifiwa wewe hunyamaza.