Jani Kwenye Kiganja cha Saada

Mwaka 2011 mteuzi wa gredi alituambia tumbaku yetu ina mchanga. Mwaka 2016 ikawa na unyevu. Mwaka huu akasema ina ukijani, haikukaushwa vizuri, akayapiga marobota yote arobaini na moja ya kikundi chetu gredi ya mwisho. Lori la mnunuzi lilikuwa linakuja Jumatatu. Likishaondoka nayo Namtumbo, malalamiko yetu tungeyapeleka kwa nani?

Nikapiga picha kumi na saba kwa simu. Jumamosi nikapanda basi mpaka Songea, kwenye studio ya Mama Lidwina pale Msamala. Kila Jumamosi mchana hukutana hapo watu wanaopenda picha bila kulipwa, wanaziweka kwenye televisheni na kuambiana ukweli. Nilitaka wanichagulie moja ya kumpelekea afisa kilimo. Sharti lao ni moja tu: mwenye picha anafunga mdomo mpaka wenzake wamalize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Na leo unyamaze, Makarius, nakujua."

Picha ya kwanza: mteuzi, kidole juu, mdomo wazi.

"Naona mtu anafoka," alisema Edmund, mwalimu anayepiga picha za ndege. "Sioni tumbaku."

"Tumbaku iko nyuma yake, we..."

"Nyamaza, baba!" Mama Lidwina alicheka. "Tumbaku hujatuletea. Umetuletea hasira zako, tena zimetikisika."

Nilichemka. Edmund, ambaye ndege wake wote ni mikia tu, ananifundisha mimi! Lakini picha ziliendelea kupita na kila moja niliiona kasoro yake mwenyewe, kwa aibu, kabla hawajasema: vichwa vimekatwa, mteuzi, mteuzi tena, kidole changu.

Ya mwisho ilikuwa jani moja kwenye kiganja cha Saada, jirani yangu. Mama Lidwina akasogeza kiti.

"Hii ndiyo picha. Umesogea karibu, umetulia. Kiganja kinatuonyesha ukubwa wa jani. Ila rangi umeiharibu. Huyu mama anaumwa?"

"Saada? Anabeba gunia peke yake!"

"Mbona kiganja chake ni cha bluu kama cha maiti? Ulipigia wapi?"

"Chini ya turubai. Wamelifunga mwaka huu, hapo wanapopangia gredi."

"La bluu?"

"La bluu."

"Basi. Mwanga ukipita hapo unashuka na rangi ya turubai. Wanaoanza wote wanakosea hivyo. Mimi niliwahi kumpiga bibi harusi ndani ya hema la kijani, mama mkwe akaniuliza kama nimempiga mjusi. Hapo hata jani zuri litaonekana bichi, lenye ukijani."

Nikasimama.

"Rudia, mama."

"Jani zuri litaonekana bichi," alisema taratibu. Edmund akapiga meza: "Kumbe ndio ukijani wenyewe!"

Tukaacha kuchagua picha. Mama Lidwina akanielekeza nyingine mbili: jani lile lile, kiganja kile kile, saa ile ile, moja chini ya turubai, moja hatua tatu nje. "Na huyo mteuzi wako asionekane hata kivuli." Jumapili baada ya misa nikafanya hivyo hivyo. Jioni afisa kilimo alikuwa nazo zote mbili kwenye simu yake, bila neno langu hata moja.

Jumatatu alifika kabla lori halijapakia. Mteuzi akazitazama picha, akasonya.

"Simu ya huyu mzee mbovu."

"Sawa, simu tuiache," alisema Saada. Akachomoa fungu la majani kwenye robota, akatoka nalo juani. "Njoo uteue hapa, mwanangu. Au unaogopa kuungua?"

Watu wakaangua kicheko. Afisa akashika jani moja juani, akarudi nalo chini ya turubai, akatoka tena. Juani lilikuwa kahawia safi, linang'aa kwa mafuta yake.

"Shusheni turubai," alisema. "Yote yanateuliwa upya."

Kamba nilizikata mimi, zote nne. Miaka yote hiyo nimekuwa mtu wa kupiga kelele. Siku hiyo nilifanya kazi kimya, na moyo wangu haujawahi kushiba hivyo. Turubai likaanguka, jua likajaa uwanja mzima, na robota la kwanza likafunguliwa.

"Gredi ya kwanza," alinong'ona mteuzi.

"Sauti, mwanangu!" Saada akapaza yake. "Sisi wa nyuma hatusikii!"

Akarudia. Kwa sauti.