Nailoni Chini ya Paa la Mzee Hhando

"Paa ni lako, Mzee Hhando! Lako! Sisi tumepanga chumba, hatukupanga mvua!"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba niliyojenga mwenyewe, kijana. Paa hili mmeliua nyie."

Nikacheka, ile ya kumkera mtu. Dada Leonida alikuwa kakaa kitandani kampakata Thomasi, akanikazia macho ninyamaze. Sikunyamaza. Thomasi ana miezi saba, na tangu masika yaanze kifua chake kinakoroma usiku na mchana. Mganga wa zahanati kamwambia dada wazi: huyu akiendelea kulala kwenye unyevu, mtampoteza.

Mzee akanyoosha fimbo ukutani. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda toka sakafuni mpaka kwenye magogo yaliyobeba udongo wa paa.

"Mnapikia wapi?"

"Nje. Kwenye stovu."

"Enhee! Nyumba ya udongo inataka moto ndani kila siku, moshi ukaushe magogo. Mama yangu kazaa watoto tisa kwenye nyumba kama hii, macho mekundu lakini ukungu hakuna. Nyie mnakaa kama mko bwenini."

"Mtoto wa kifua umtie moshi? Unataka kumkausha kama nyama?"

"Inosenti!" dada akafoka.

Mzee alikuwa anaangalia juu. Akachoma nailoni iliyofungwa chini ya magogo kwa ncha ya fimbo, maji meusi yakamwagika yananuka, na kipande cha gogo kikadondoka, kimelainika kama ugali.

"Nani kafunga hii?"

Nailoni niliiomba gereji pale barabara ya Ngorongoro, nikaitandaza chini ya magogo chumba kizima ili matone yasimfikie Thomasi. Nilijiona fundi kweli, fomu foo nzima imo kichwani.

"Mimi."

"Umeyaziba magogo pumzi. Yameoza."

"Haya, hilo kosa langu. Lakini kulivuja kabla ya nailoni! Nimekuja kwako mara tatu, unaniambia ngoja mvua zikatike. Udongo wa kichuguu uko wapi? Kila mwenye nyumba huku Karatu kaita majirani, kapika pombe, wamempandishia udongo mpya juu ya paa. Wewe hata karai moja hujapandisha. Uchoyo tu wa pombe!"

Wajukuu zake walikuwa wamejaa mlangoni wanasikiliza. Mzee akawafukuza, halafu akakaa kwenye kigoda changu. Alipoongea, aliongea na dada.

"Mama Thomasi, ni kweli sikupandisha udongo. Hilo ni langu. Jumamosi naita watu, tutabadilisha magogo pia. Leo hamia kwangu na mtoto, kule kukavu. Ila huyu simtaki tena hapa. Kila siku ananitukana mbele ya wajukuu."

Nikamwangalia dada. Nilikuwa na maneno ya kutosha, mengine makali kuliko yale. Nikangoja aseme, huyu ni mdogo wangu, msamehe. Thomasi akakohoa, akakohoa tena, akakosa pumzi mpaka midomo ikabadilika rangi, dada akawa anampigapiga mgongoni.

"Asante, baba," akamwambia mzee.

Nikachukua shati langu lililokuwa kavu, na viatu.

"Utalala wapi?" dada akaniuliza, haniangalii.

"Nitaona huko huko."

Nikapita mbele ya mzee bila kumuaga, nikatoka, nikaufunga mlango taratibu, mtoto asishtuke.