Milango Kumi na Miwili ya Mvule

Jumatatu asubuhi Mushagalusa alipiga randa mlango wa mwisho, akaupuliza vumbi, akaipeleka yote kumi na miwili kilimani Kololo, nyumbani kwa Madamu Docus. Mbao zilitoka kwenye mvule uliosimama Bwaise, mtaani kwake, tangu kabla ya barabara. Waganda wa pale waliuwekea buni shinani kila walipopata mtoto, na mvua iliponyesha mti uliyanywa maji ya bondeni kabla hayajafika vitandani. Madamu aliupendea rangi, ukakatwa. Kipande kinachobaki ni haki ya fundi, na Mushagalusa alikichonga kigoda.

Mvua za kwanza zilipokuja, Bwaise haikufurika. Watu walitembea na viatu vikavu, wakamshukuru Mungu. Jumatano simu ikalia, ni Madamu.

"Fundi, hii milango yako nakunywa maji ya wapi?"

Alienda. Milango ilikuwa imevimba, haifungiki, na ule wa msalani ulitiririsha matope juu ya vigae. Kwenye tundu la ufunguo la sebuleni alichomoa kandambili ya mtoto. Aliitambua mara moja. Ilikuwa ya binti yake Exaucée, iliyopotea mtaroni wiki ile. Waya wa kamba yake aliufunga mwenyewe.

"Ni maji ya Bwaise, Madamu. Mti umeyazoea."

"Basi yarudi kwao. Weka vanishi, tena mara tatu."

Alijua vanishi itafanya nini. Alijua pia kwamba fundi mkimbizi akikataa kazi moja hapewi ya pili. Aliona aibu, aibu hasa, na akapaka. Milango ikakauka, ikafunga bila kelele.

Ijumaa ikanyesha. Maji yaliingia nyumbani kwa Mushagalusa, Bwaise, yakapanda hadi kifuani. Kigoda peke yake hakikuwa na vanishi. Kilikunywa kadiri kigoda kinavyoweza, kikaacha duara kavu la ukubwa wa beseni, maji yamesimama wima kulizunguka. Perpétue, mkewe, alimketisha Exaucée humo.

"Uliwaambia ile maji ni ya kwetu?" aliuliza.

"Niliwaambia."

Jirani yao Hasifa aliingia, kichanga chake kakiinua juu ya kichwa, akauliza kama kuna nafasi. Exaucée alikunja miguu akampakata mtoto, wakatoshea wawili.

Nyuma ya Hasifa, kuanzia mlangoni hadi barabarani, foleni ya waliobeba watoto mabegani ilikuwa imeshajipanga.