Mkanda Usiokatwa

"Nafasi haitoshi," kompyuta iliandika tena, na Ramson, mpiga video, akaipiga meza kofi hadi chai ikamwagika.

"Si ufute vingine?" Fortunata aliuliza kutoka kwenye benchi la wateja.

"Nafuta, dada! Toka asubuhi nafuta!"

Na kweli alikuwa anafuta. Alishafuta kipaimara, akafuta mahafali, akafuta hata mkutano wa vikoba. Diski haikuachia nafasi hata ya wimbo mmoja.

Fortunata alikuwa ametoka Peramiho kufuata kitu kimoja: mkanda mzima wa sendoff yake, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, ule ambao haujakatwa. Jumamosi ni misa ya arobaini ya mama yake, Notburga. Picha zake anazo, sauti yake hana. Mkanda aliokabidhiwa, uliosafishwa, una muziki na maua yanayozunguka, lakini mama hayumo. Ramson alimkata. Mama yule alikuwa kila mara anaingia mbele ya kamera kugombeza, na Ramson anapenda kazi safi. Halafu wiki iliyopita, akitafuta nafasi ya harusi nyingine, akaufuta na ule mzima.

Bahati ni kwamba kompyuta ile kila alfajiri huhifadhi mafaili yote yalivyokuwa. Wenyewe huita snapshoti. Mkanda ulikuwa mle ndani, unaonekana kabisa, ila diski haina nafasi ya kuutolea. Ilimchukua Ramson muda kuelewa kwamba kila alichofuta bado kimeshikiliwa na snapshoti hizohizo. Alikuwa anatoa vitu sebuleni na kuvirundika stoo, halafu anashangaa nyumba bado imejaa. Akizifuta snapshoti, mkanda utakwenda nazo. Akiziacha, kesho alfajiri mashine yenyewe itaitupa ya zamani kuliko zote, na hiyo ndiyo yenye mkanda. Mashine gani hii!

Dawa ilikuwa diski ya pembeni, mkanda utolewe moja kwa moja huko. Ya kwake ilishakufa. Mwenye nyingine ni Dennis wa studio ya ng'ambo ya barabara, ambaye yeye na Ramson hawajasalimiana tangu wagombanie harusi moja ya Namtumbo.

"Sasa?" Fortunata aliuliza.

"Sasa nakwenda kuaibika."

Dennis alimwacha asimame mlangoni huku akikata picha za pasipoti, polepole, kwa makusudi.

"Leo umepotea njia?"

"Niazime diski, kaka. Kuna mtu amefiwa na mama yake, na sauti yake nimeifuta mimi."

Dennis aliweka mkasi chini. Alichungulia ng'ambo, akamwona Fortunata kwenye benchi na kitenge chake cheusi, akaichomoa diski.

"Na usifute kitu humo. Nakujua."

Mkanda ulitoka kwa kujivuta, Ramson akiulaani na kuuombea kwa zamu. Ulipokamilika akaufungua. Akina mama waliingia wakicheza na masufuria kichwani, mara kitenge cha njano kikaziba picha yote.

"Wewe baba wa kamera, toka hapo mbele! Wageni wanaona kisogo chako tu! Nataka nimwone mwanangu. Sogea!"

Fortunata alicheka kwa sauti, kisha kicheko kikakatika na machozi yakamtoka.

"Rudisha hapo," alisema.

Ramson akarudisha.

"Sogea!" Notburga alifoka, na Ramson, bila kufikiri, akainuka akampisha Fortunata kiti.