Jiwe Lisilo na Kiu

Mke wa fundi mawe alikuwa mshonaji, na kwa ukali wa ulimi wake mtaa mzima ulimwita Sindano. Alikuwa na macho ya kuona uzi uliopinda kwenye pindo la mpita njia, kwa hiyo hakukawia kugundua kwamba mumewe, kila akienda kwa mama mmoja wa ghorofa ya tatu, huvaa shati lililopigwa pasi.

"Unakwenda kusugua bafu au kuposa?" alimuuliza asubuhi moja.

"Napaka dawa meza ya sinki. Graniti ina vinyweleo, mke wangu. Visipozibwa, jiwe linakunywa maji na mafuta, linaingia madoa."

"Hii mara ya nne mwaka huu. Hilo ni jiwe au mlevi?"

Fundi alicheka, lakini hakumtazama. Wivu ulimshika Sindano. Alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa kushoto wa blauzi kwenye bega la kulia, akaufumua, kisha akaushona palepale tena. Akatupa mkasi mezani. Mumewe alikuwa akilalamikia bega tangu juzi, basi Sindano akasimama na kufunga cherehani.

"Leo nitakubebea ndoo ya vifaa."

Fundi alitafuta sababu ya kukataa, asiipate.

Njia nzima Sindano alijiandaa kukutana na kisura. Aliyefungua mlango alikuwa mama wa makamo, miguu peku, miwani ikining'inia kifuani, mwenye kicheko cha karibu. Hilo lilimuuma zaidi. Kisura angemchukia kwa raha.

"Ndiwe shemeji? Karibu, karibu! Fundi anakutaja sana."

"Hata mimi ananitajia wewe," alijibu Sindano, ingawa haikuwa kweli.

Mlangoni mwa bafu palikuwa na kiti, na kando yake vikombe viwili vya chai vilivyofunikwa. Vikombe viwili! Mama yule akaharakisha kuleta cha tatu. Fundi akaondoa chupa za manukato juu ya meza ya jiwe, akaifuta, akaanza kusema. Alieleza jinsi zile chembe nyeusi zinavyong'aa ukizitazama kwa ubavu, na jinsi alivyozunguka na msumeno polepole kwenye tundu la sinki, pumzi ameishika, jiwe lisije likapasuka. Mwenye nyumba akauliza, fundi akajibu, akaulizwa tena. Nyumbani maneno yake yalikuwa "chumvi", "zima taa" na "nimechoka". Sindano alishika kikombe chake mpaka chai ikapoa.

Walipokuwa wachumba, fundi alikuwa amemfundisha jambo moja: dondosha maji juu ya jiwe. Yakizama na kuacha weusi, jiwe lina kiu. Yakisimama, limeshiba. Sindano akalowesha kidole bombani, akadondosha tone juu ya jiwe, akangoja. Mazungumzo yaliendelea. Tone lilikaa duara kama shanga, halikuzama hata kidogo.

"Baba," akasema, "hili jiwe halina kiu. Umeitwa kufanya nini?"

Aliyeshtuka ni mwenye nyumba. "Sijamwita mimi! Yeye ndiye aliyesema lazima lipakwe kila baada ya miezi mitatu."

Wanawake wote wawili wakamgeukia fundi. Alikuwa ameshika kitambaa kama mtoto aliyekutwa na kijiko cha sukari.

"Hapa naulizwa," akasema mwishowe.

"Unaulizwa nini?"

"Kazi yangu. Nimelikataje, nimeling'arishaje. Nilipenda kuulizwa tu."

Mwenye nyumba alivaa miwani. "Ungesema unakuja kunywa chai, fundi, ningekukaribisha wewe na mkeo. Sasa umenifanya mjinga ndani ya nyumba yangu."

Sindano hakujua la kufanya. Angekuta alama ya rangi ya mdomo, angejua pa kuanzia kupiga kelele. Mtu anamshitaki vipi mumewe kwa maneno? Akamnyang'anya kitambaa, akakausha lile tone.

"Dada, sikiliza. Sabuni kidogo ya vyombo, kitambaa laini, halafu ukaushe. Siki na ndimu usiguse, wala ule unga wa kusugulia sufuria. Chupa zako ziwekee kisahani. Siku tone likizama, niite mimi, sio yeye."

"Nitakuita," mama yule akasema kwa upole, na upole huo nao ukamchoma Sindano.

Walirudi kwa miguu, fundi akiwa na ndoo kwenye bega lake bovu, na mkewe hakujitolea kumpokea. Walipita duka la vioo, wakapita kituo cha mafuta. Kwenye kona ya mtaa wao Sindano akasimama.

"Haya. Hilo tundu la sinki ulilikataje?"

Fundi alimtazama usoni kuona kama ni mtego. Akaweka ndoo chini, akaanza kueleza, kwa sauti ndogo, mikono yake ikizungusha msumeno hewani. Sindano alisikiliza amekunja uso, na kila sentensi ilimuuma, kwa kuwa alijua kuna aliyeisikia kabla yake. Lakini mumewe alipofika kwenye kushika pumzi, akamkatiza.

"Na ungepumua?"

"Lingepasuka."

"Endelea," akasema.